Baba Hafi kwa Kusikia

Jiwe lililompasua kichwa mwalimu Chepkorir lilirushwa na Sagini, mwanangu wa kuzaa. Nililiona likitoka mkononi mwake. Nilikuwa nimesimama langoni mwa shule na fimbo yangu, nikiwa nimewafuata wazazi wa laini, safu za nyumba za wachumaji, nione ni kitu gani kinachowapeleka shuleni asubuhi wakati chai inawangoja shambani. Mwalimu alitoka darasani mikono juu, akisema, "Wazazi, tuongee, tafadhali tuongee." Jiwe likamkuta hapo kwenye tafadhali. Akaketi chini ghafla, damu ikamshuka mpaka kwenye kola.

Mnadhani walikoma? Walimrukia. Watu wanaoimba kwaya kila Jumapili walimpiga mateke mwanamke aliyeketi. Walichana michoro aliyobandika ukutani, wakavunja ubao. Watoto wa gredi ya tano walipita madirishani wakilia. Mbele ya wote alikuwa Janeffer, mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani, akipiga kelele, "Huyu ndiye anafundisha watoto wetu uchafu! Shetani mkubwa!"

Uzee una faida chache, na mojawapo ni kwamba anayekupiga hulaaniwa na mtaa mzima. Nikaingia katikati yao nikamlalia mwalimu. Sagini akanishika bega. "Mama, toka hapo, haya si mambo yako." Nikamchapa fimbo ya muundi mpaka akaruka kwa mguu mmoja. Wengine wakaona aibu, si kwa sababu ya mwalimu bali kwa sababu yangu, wakaanza kuondoka mmoja mmoja wakijifanya wamekumbuka kazi.

Mimi ni Nyatichi. Nilichuma chai katika shamba hili la Cheptembe tangu nikiwa msichana mpaka mgongo ulipokataa. Ukistaafu hapa, nyumba inachukuliwa na unarudi kwenu. Mimi nikarudi Nyansiongo, ng'ambo ya Sotik. Ndiyo maana ukitembea laini zote za Cheptembe utaona watu wazima na watoto, lakini bibi huoni hata mmoja. Wenye shamba hawana haja na bibi, kwa kuwa bibi hachumi.

Nilikuwa nimekuja kumtembelea Sagini na mkewe Molly, binti wa Kijaluo kutoka upande wa ziwa, mchapakazi na mkali kama pilipili, ninayempenda kuliko ninavyomwonyesha. Wana mtoto mmoja, Vivian, wa miaka kumi na mmoja. Nyumba yao ni chumba kimoja: kitanda, pazia, jiko, basi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana bila hili hamtaelewa damu yote iliyomwagika. Sisi Wakisii tuna chinsoni. Ni heshima na ni aibu, vyote pamoja. Baba haongei na binti yake mambo ya mwili, na binti akishaanza kukua halali chumba kimoja na wazazi wake. Mama mzazi naye halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni mila nzuri, siikatai. Lakini kule nyumbani binti aliyetolewa kwa mama yake alikwenda kulala kwa bibi, na yale ambayo wazazi walifungwa midomo kuyasema, bibi aliyasema yote huku akicheka. Hapa kwenye laini watu walibeba nusu ya mila wakaacha nusu nyingine kijijini. Binti akianza kukua wanamtoa chumbani, halafu, kwa kukosa bibi, wanampeleka kwa Janeffer.

Janeffer ana vyumba viwili, kwa kuwa ndiye mkuu wa kreshi ya watoto wadogo wa shamba. Chumba cha mbele wanalala mabinti wanne wa laini, bure kabisa, na watu wanamsifu kwa hilo kuliko wanavyomsifu mchungaji. Chumba cha nyuma ni chake. Kati ya viwili, nyuma ya pazia, kuna kitanda cha ndugu yake, Kepher, dereva wa trekta inayobeba majani kwenda kiwandani.

Kwa hiyo nilipofika, na mimi nikapelekwa huko. Giza lilikuwa halijaingia bado nilipowaona wasichana wakitandika mikeka, na nikaona wanagombana. Si ugomvi wa watoto wa kusukumana na kucheka. Walikuwa wanapigana kwa meno, kimyakimya, wakigombea nafasi ya ukutani. Ayoo, binti wa Owino, alishinda. Vivian akabaki upande wa pazia. Kisha akavaa sketi ya pili juu ya ile aliyokuwa nayo, akafunga mshipi wa shule mpaka tundu la mwisho, akanigeukia.

"Magokoro," akaniambia, maana ndivyo tunavyomwita bibi, "wewe lala hapa kwa pazia."

Nikalala hapo. Kepher hakuonekana, Janeffer alisema trekta imeharibika na amebaki kiwandani. Vivian alilala kama gogo. Asubuhi akaniambia hajalala hivyo kwa muda mrefu. Nikalibeba neno hilo moyoni, sijui nilitue wapi, ndipo nikasikia kelele za wazazi wakielekea shule.

Turudi kwa mwalimu. Nilimwosha damu katika ofisi yao kwa maji ya chai yaliyopoa, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwepo. Ni msichana wa Kipsigis wa hapo Bomet, umri wa mwanangu wa mwisho. Hakulia.

"Uliwafundisha nini hawa watoto?" nikamwuliza.

"Mama, niliwaambia mwili ni wao. Nikawaambia kila kiungo kiko na jina na kusema hilo jina si dhambi. Mtu akikushika usipotaka, piga kelele, kimbia, sema ni nani na amefanya nini. Mkubwa wa kwanza akikataa kusikia, ambia wa pili. Akikataa, wa tatu."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu. Wakaenda nyumbani wakataja hayo majina wakikula ugali."

Nikacheka, Mungu anisamehe, nilipowaza sura ya Sagini na tonge mdomoni. Mwalimu hakucheka.

"Sikuanza hii maneno kwa sababu ya kitabu," akasema. "Kuna mtoto aliniuliza swali. Aliniuliza, mwalimu, ni kweli baba akisikia maneno ya aibu kutoka kwa binti yake, anakufa? Mimi nikacheka. Halafu nikaona yeye hacheki. Nilipomwuliza zaidi akanyamaza kabisa. Nikapeleka kwa mwalimu mkuu, akaniambia ningoje. Nikaona nikingoja, mtoto anangojea nini? Nikafundisha darasa yote, ndio yeye asikie."

"Ni mtoto wa nani?"

"Nilimwahidi sitasema."

Hakuhitaji kusema. Mtoto wa Kipsigis hawezi kuuliza swali hilo, wala wa Kijaluo. Ni lazima awe ametoka kwetu, penye chinsoni, na ni lazima mtu mzima wa kwetu awe ameichukua mila hiyo akaipotosha makusudi. Nikakumbuka sketi mbili na mshipi. Maji ya chai yakanimwagikia miguuni.

"Nenda polisi Sotik ukaandikishe lile jiwe," nikamwambia.

"Ni mtoto wako alirusha."

"Ndiyo. Andikisha."

Akaenda kwa bodaboda, kitambaa changu kikiwa kimemfunga kichwa. Mimi nikamngoja Vivian.

Siku zile wanaume walikuwa wakipruni chai ya upande wa bondeni, wakikata vichaka mpaka vikabaki visiki, na wanawake na watoto wanaruhusiwa kuokota kuni huko. Shule ilikuwa imevunjika, kwa hiyo nikamchukua Vivian twende kuni. Nilibeba panga kuukuu ya Sagini ya kupruni. Ninaitumia vizuri kuliko yeye.

Kwetu bibi na mjukuu hutaniana bila mpaka. Mjukuu wa kike ni mke mwenza, mnagombea babu, ndivyo watu wanavyocheka. "Mke mwenzangu," nikamwambia, "hebu nikuulize yale aliyokufundisha mwalimu, nione kama anajua kazi." Nikaanza kutaja viungo mwenyewe, kimoja kimoja, kwa Kikisii na kwa Kiswahili, bila kupunguza sauti. Alijiziba mdomo, akacheka mpaka akakaa juu ya kuni. Mficha uchi hazai, nikamwambia, na mimi nimezaa saba.

Kisha nikamsimulia karani wa mizani wa zamani, aliyekuwa akiwashika wasichana wakiwa wameinama na vikapu vizito mgongoni. Siku alipofika kwangu nilimuuma kidole mpaka jino likagonga mfupa. Alipiga nduru shamba zima likasikia, na toka siku hiyo aliandika kilo zangu akiwa amesimama mbali.

Vivian alicheka tena, halafu kicheko kikaisha katikati.

"Magokoro. Na kama hungemuuma? Kama ungeenda kuambia baba yako, angekufa?"

"Nani alikuambia baba anakufa?"

Akaangalia visiki. "Mama Janeffer. Nilimwambia yeye kwanza. Alisema hiyo ni chinsoni. Nikisema tena baba atasikia, na baba akisikia hayo maneno kutoka kwa mtoto wake anaanguka na anakufa, na itakuwa ni mimi nimemuua."

Nikaketi kando yake, na polepole akanieleza. Sitayarudia hapa, ni yake, si yangu. Alimtaja Kepher. Alieleza kwa nini wanagombea ukuta. Alipomaliza nikainuka nikakata kichaka cha chai kilichokuwa bado hakijapruniwa, nikakikata mpaka kwenye mizizi, nikakata na cha pili. Nilitaka kuua. Nasema wazi, sioni haya: ningempata Kepher pale ningemkata vilevile.

Mtoto alikuwa ananitazama, ameogopa. Nikaiweka panga chini.

"Sikiliza. Baba yako hatakufa. Pengine atatapika. Atalia, atataka kuvunja kitu, kwa sababu anakupenda na hakujua. Lakini baba hafi kwa kusikia. Janeffer alikudanganya."

"Unaapa?"

"Kwa kaburi la babu yako, mume wetu."

"Na nani atamwambia?"

"Mimi. Wewe umeshasema, kazi yako imekwisha."

Hivyo ndivyo nilivyopanga. Lakini mchana ule mbingu za huku zikafanya mchezo wake wa kila siku. Wingu jeusi likaja kutoka msituni, na mvua ya mawe makubwa kama mbaazi ikaanguka. Kazi ikasimama. Tulipofika uwanja wa laini, kuni tumezitupa, ardhi ilikuwa nyeupe na watu wote wamejibana chini ya mabati: wachumaji na vikapu vyao, Sagini na wenzake wa kupruni na panga mikononi, Molly akiwa mlangoni pake na stovu ya mafuta ya taa. Trekta nayo iliingia, imewaleta watu wa bondeni kwa trela. Kepher alikuwa amekaa juu ya madigadi, lile bati la kufunika gurudumu, mkavu, chini ya mwavuli wa mtu. Alikuwa anatafuna muwa.

Ningeweza kungoja niongee na mwanangu faraghani. Lakini Janeffer alishatoka nje akamwita Vivian, "Njoo ndani ubadilishe nguo, mtoto wangu, utapata homa." Alimwita mtoto wangu. Damu ikanipanda.

"Haingii kwako!" nikasema, mawe yakinipiga kichwani. "Sagini! Huyu mtoto hatalala tena kwa Janeffer. Kepher anawafuata wasichana kutoka nyuma ya pazia. Amemshika mwanao."

Sagini akaziba masikio. Ndivyo alivyofanya, mtu mzima na panga yake kwapani, akaziba masikio akageukia ukuta. "Mama, usiniambie! Usiniambie mimi!" Chinsoni ilikuwa imemkaba shingo. Hakutaka kugeuka.

Janeffer ni mwepesi. Hakujitetea hata kidogo. Alininyooshea kidole akapaza sauti, "Omorogi! Mmemwona? Amekuja jana, leo damu imemwagika shuleni! Huyu mzee ni mchawi, amekuja kumfunga mwanawe kwa maneno!"

Neno hilo kwetu si la mchezo. Nimeona bibi wa kijiji chetu akichomwa ndani ya nyumba yake kwa neno hilo moja, na waliomchoma walikula chakula chao cha jioni baadaye. Niliona macho yakibadilika. Mtu alinivuta ukosi wa gauni. Mwingine akanisukuma, nikaanguka juu ya mawe ya barafu, na buti ya mtu ikaniingia mbavuni. Nikasikia mfupa ukilia. Buti nyingine ikaja. Nilimwona Molly akipigana kunifikia, akivutwa nyuma kwa nywele.

Ndipo Vivian alipopiga kelele.

Alipiga kama alivyofundishwa, kwa kifua chote, mpaka waliokuwa wananipiga wakaacha miguu hewani. "Mwacheni magokoro! Si yeye! Ni Kepher! Kepher mwenye trekta!" Akasema amefanya nini. Akataja kiungo kwa jina lake, mbele ya wanaume wa laini nzima, kwa sauti safi ya mtoto anayejibu swali darasani. Na akasema, "Nilimwambia Mama Janeffer, na Mama Janeffer akaniambia ninyamaze."

Kisha Ayoo, yule mshindi wa ukutani, akatoka nyuma ya baba yake akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi."

Kepher akacheka. Akatema kapi la muwa. "Hiyo ndiyo masomo ya siku hizi," akasema, akashuka upande wa pili wa trekta, taratibu, kama mtu anayekwenda haja.

Sagini aligeuka. Alikuwa ametoa mikono masikioni. Sijawahi kuuona uso ule tena, na sitaki kuuona. Aliruka chuma cha trela na panga juu. Pigo la kwanza lilimkata Kepher bega, damu ikaruka mpaka kwenye bati la injini. Kepher alikuwa ameshachomoa pini ya trela, kile chuma kizito cha kufungia. Akakizungusha kwa mkono mzima. Nilisikia sauti ya chuma na mfupa. Mwanangu akaanguka kifudifudi juu ya barafu, na barafu ikaanza kuwa nyekundu.

"Nimemuua!" Vivian akalia. "Nimesema na amekufa! Baba amekufa!"

Akaingia chini ya trela, akakumbatia gurudumu, akajiuma mkono ili asitoe sauti tena.

Watu hawakumwona. Walikuwa wamemfikia Kepher. Sitasema uongo kwamba nilisikitika. Walimpiga kwa vipini vya panga na kwa mawe, na Owino, baba yake Ayoo, alikuwa anampiga kwa vikapu, kwa ngumi, kwa chochote, akilia kwa Kijaluo. Meno ya Kepher yalitoka. Jicho moja likafumba. Mtu akabiringisha tairi kuukuu la trekta kutoka nyuma ya stoo. Molly alikuja na mtungi wa mafuta ya taa.

Nilitambaa. Sikuweza kusimama kwa mbavu, kwa hiyo nilitambaa juu ya yale mawe yanayoyeyuka mpaka nikamfikia Kepher, nikaichukua panga ya Sagini palipoangukia, nikamlalia mtu yule kama nilivyomlalia mwalimu asubuhi. Alinuka mkojo na muwa. Mafuta ya taa yakanimwagikia mgongoni.

"Toka, mama!" Molly akapaza sauti. "Toka, ama nitakuchoma na yeye! Huyo mimi nitachoma leo, nasema ukweli!"

"Nichome basi!" nikamjibu. "Unafikiri namhurumia? Namtaka afe kuliko wewe unavyotaka! Molly, angalia chini ya trela. Angalia!"

"Unaokoa yeye!"

"Namwokoa mtoto wako! Janeffer alimwambia akisema, mtu atakufa. Amesema, baba yake ameanguka. Sasa mchome huyu mbele yake, uone kama huyo mtoto atafungua mdomo tena maisha yake yote. Na Ayoo je? Na wale wengine wawili ambao bado hawajasema?"

Owino alikuwa ameshika kiberiti. Njiti ilikuwa imeshawashwa, inakula vidole vyake. Alimwangalia binti yake. Ayoo alikuwa ameziba macho kwa mikono yote miwili.

"Mama Vivian," Owino akasema, "mtoto ananiangalia." Hakuwa anaangaliwa, lakini nilielewa. Akaiponda njiti matopeni kwa kiatu.

Molly alibaki na mtungi. Alininyang'anya panga nikadhani basi, yamekwisha. Akaipiga trekta. Akapiga kioo, akapiga bati, akapiga mpaka mpini ukavunjika, kisha akaketi kwenye tope akapiga yowe ambalo bado nalisikia nikipika.

Landkruza ya polisi iliingia hapo. Haikuja kwa ajili yetu. Ilikuja kwa ajili ya jiwe la Sagini, na mwalimu Chepkorir alikuwa ndani, kichwa kimefungwa, amekuja kuwaonyesha aliyelirusha. Mwalimu alishuka, akatazama watu wale wale waliompiga asubuhi, wamejaa damu nyingine. Hakuuliza kitu. Aliona miguu ya mtoto chini ya trela, akaenda akaketi kwenye tope kando ya gurudumu, hakumgusa, akaketi tu.

Askari walimfunga Kepher pingu na kumtupa nyuma ya gari. Janeffer walimkuta amejifungia chumba cha nyuma, anaimba pambio. Walivunja mlango, na wanawake waliokuwa wakimsifu kila Jumapili walimrarua kile kitambaa cheupe kabla askari hawajamfikisha garini. Sikuwazuia hao. Kifo tu ndicho nilichokataa.

Kisha nikamsikia mwanangu akikohoa.

Alikuwa hai, mpumbavu wangu. Kichwa kimepasuka juu ya jicho, karibu mahali pale pale alipompasua mwalimu. Askari mmoja alitaka kumlaza amsubiri daktari, Sagini akamsukuma. "Vivian yuko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

Alikwenda kwa magoti, mkono mmoja kwenye jeraha. Mwalimu akampisha. Sagini akajilaza kwa tumbo akaingia chini ya trela nusu mwili, na Vivian akarudi nyuma mpaka kichwa kikagonga ekseli.

"Usikuje, baba! Usinikaribie, utakufa!"

"Sikufa."

"Ulianguka! Nilisema, ukaanguka!"

"Nilipigwa na chuma. Wewe hukunipiga."

Mtoto alitikisa kichwa, ametoa macho. Hakumwamini. Niliona haamini, na moyo ukanikatika, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwapia kwa kaburi, na dakika chache baadaye baba yake alianguka. Kiapo changu hakikuwa na thamani tena.

Sagini alipumua kwa mdomo. Alinitazama mimi kidogo, mama yake, nami sikumsaidia. Palikuwa na neno moja tu la kusema na hakuna bibi ambaye angelisema kwa niaba yake.

"Sema tena," akamwambia binti yake.

"Hapana."

"Sema tena yote, nisikie vizuri. Sijaziba masikio. Angalia mikono yangu."

Akaiweka mikono yote miwili mbele yake kwenye tope, viganja juu, damu ikimtiririka usoni bila kuipangusa. Watu walisogea mbali bila kuambiwa. Molly alikuja akaniegemea.

Vivian akaanza. Sauti ilikuwa ndogo, inakwama, inarudi. Kila alipofika mahali pagumu alisita akamwangalia baba yake kama yuko hai, kisha akaendelea. Sagini hakuziba masikio. Katikati akageuza kichwa upande wa gurudumu akatapika, akatapika mpaka ikabaki nyongo tupu, mabega yakimruka. Akajifuta mdomo kwa mkono wa shati.

"Baba," Vivian akanong'ona, "bado uko hai?"

"Niko hai," mwanangu akasema. "Endelea."